Kilicho Chini ya Kikombe

Katika sebule nyingi za Bariadi mjini, mkoani Simiyu, soda au chai ya mgeni haiwekwi juu ya stuli tupu. Hutangulia kitu kidogo cha duara au cha mraba: kitambaa kilichofumwa kwa sindano, vipande vya kitenge vilivyoshonwa pamoja, shanga zilizotungwa, au kamba nyembamba ya mkonge iliyozungushwa na kukazwa kwa uzi. Wengine hukiita kitambaa cha stuli, wengine kikalio cha kikombe. Nitatumia jina hili la pili. Kazi yake ni moja tu, kuzuia kikombe kisiguse mbao. Watu wazima hukaa jioni wakikifuma, hukifua, hukipiga pasi na kukihifadhi kwa ajili ya wageni, na hakuna anayeuliza kama kazi hiyo inastahili. Naona inafaa kuuliza, na kuuliza kwa uzito wote, maana swali lililo chini ya kikombe ni la zamani katika dini na katika falsafa: binadamu ana wajibu gani kwa vitu? Je, kukilinda kitu ni wema, au ni mwanzo wa kukiabudu?

Kwanza tukubaliane kwamba kikalio kina kazi ya kweli. Chupa iliyotoka kwenye friji hutoa jasho kwa sababu mvuke uliomo hewani hukutana na kioo cha baridi ukageuka matone. Matone hushuka hadi kitakoni na kubanwa kati ya chupa na mbao. Unyevu ukikaa hapo, vanishi hupata weupe wa duara. Ukipenya hadi kwenye mbao yenyewe, doa huwa jeusi na halitoki kwa kufuta. Kikombe cha chai ya moto huharibu kwa njia nyingine, kwa kulainisha vanishi na kuiachia alama. Kwa hiyo kikalio hupimwa kwa mambo mawili, kunywa maji na kuzuia joto, na katika yote mawili uzi wa pamba ni bora kuliko ule wa sintetiki unaopendwa madukani kwa rangi zake. Pamba hunywa. Sintetiki huyapitisha maji kwenye matundu ya mfumo, yakatua palepale yalipokuwa yanazuiwa. Kitambaa chembamba chenye maua makubwa na matundu mapana hupendeza macho na kuacha stuli ikilowa. Kipande cha kitenge kilichotiwa taulo kuukuu katikati, kikashonwa pembeni, hakina urembo wa kusifiwa, lakini hutimiza ahadi yake. Nashikilia kwamba hili ni jambo la maadili na si la ufundi peke yake. Kitu kinachodai kulinda na hakilindi ni uongo mdogo uliowekwa mezani, na fundi mwaminifu ana haki ya kuona aibu juu yake.

Kikalio kina ndugu wawili wakubwa, na bila kuwatazama hao hatuwezi kukihukumu kwa haki. Wa kwanza ni ngata. Kabla ya stuli na vanishi, Usukumani kulikuwa na mtungi wa udongo wenye kitako cha mviringo, ambao hausimami wenyewe. Aliyeubeba kutoka kisimani aliviringa majani au kitambaa kikawa pete, akaiweka kichwani, na mtungi ukakaa juu ya pete hiyo. Ndoo za plastiki zimekuja, mitungi imepungua, lakini ngata ya kitenge ingali inaonekana kwenye njia za Itilima na Meatu, ambako maji ya kiangazi hufuatwa mbali. Tazama inalinda nini. Inautuliza mtungi usiyumbe, ni kweli, lakini kabla ya yote inalinda utosi wa mama aliyebeba. Ndani ya pete ile ya majani kuna uamuzi ambao hakuna mtu aliyeuandika: mzigo ni lazima, maumivu si lazima.

Ndugu wa pili yuko altareni. Katika Misa ya Kikatoliki, inayoadhimishwa Bariadi na Maswa kama inavyoadhimishwa Roma, kalisi, yaani kikombe cha divai, haiwekwi moja kwa moja juu ya kitambaa cha altare. Hutandazwa kwanza koporale, kitambaa cha mraba ambacho kwa desturi ni cha kitani, na juu yake ndipo zinapokaa kalisi na patena, sahani ya hostia. Hukunjwa sehemu tatu kila upande kwa kuelekea ndani, kikawa na miraba tisa, ili chembe yoyote ya hostia iliyoanguka ibaki humo isipotee. Kwa umbo, koporale ni kikalio cha kikombe. Kwa maana ni kinyume chake. Hakilindi meza dhidi ya kikombe. Hulinda kilichomo ndani ya kikombe kisidondoke na kukanyagwa. Nacho hakijitukuzi. Utukufu wake wote unatokana na kilichowekwa juu yake, na baada ya ibada hufuliwa kwa uangalifu wa pekee, na wanaokifua hawatajwi na mtu.

Sasa ubaya wa kesi yetu unaonekana. Ngata humlinda mtu. Koporale hulinda kile ambacho muumini anakiona kuwa kitakatifu kuliko vyote. Kikalio cha sebuleni hulinda nini? Ubao uliopakwa vanishi. Mtu mwenye ukali wa nabii angeweza kusema kwamba hapa tumeshuka ngazi: pete iliyokuwa kichwani mwa mama imehamia chini ya chupa ya soda, na upole tuliokuwa tunaufanyia mwili tunaufanyia samani. Angeongeza kwamba Yesu aliwaonya wasikilizaji wake wasiweke hazina mahali ambapo nondo na kutu huharibu, na kwamba doa la kikombe ni kutu ya aina yake. Mwenye kulihangaikia doa amekwisha kuweka moyo wake kwenye stuli. Sioni namna ya kulikwepa pingamizi hili kwa kusema tu kwamba kikalio ni kitu kidogo. Udogo haujawahi kumzuia mwanadamu kuabudu.

Jibu langu linaanza na ubao wenyewe. Mbao hazikuota sebuleni. Mara nyingi meza nzuri ya Bariadi ni ya mninga uliosafiri kutoka misitu ya Tabora au Katavi, au ya paini kutoka mashamba ya Mufindi, na sababu ya safari hiyo ni historia ya ardhi ya Simiyu yenyewe. Wakati wa utawala wa Waingereza, misitu mikubwa ya Usukuma ilifyekwa ili kuondoa mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikakatwa, hadi sehemu kubwa ya nchi ikabaki wazi na vumbi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, uliozijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu kabla mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Mradi ulijaribu njia kadhaa, ila iliyozaa matunda makubwa ni ile ambayo wazee walikuwa nayo tayari, yaani ngitili: eneo linalofungwa lisilishwe wakati wa mvua ili malisho yawepo kiangazi. Hadi mradi unakwisha mwaka 2004, makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni zaidi ya hekta 300,000 zilizorudishiwa uoto. Nimelitaja hili kwa urefu kwa sababu mtu wa Simiyu hawezi kusema kwamba mti ni kitu cha bure kinachojirudia chenyewe. Wazazi wake waliona nchi ikikosa miti, na waliona inachukua miaka mingapi ya kujizuia kuirudisha. Stuli inayotupwa kwa sababu ya madoa humaanisha mti mwingine ukatwe mahali fulani, pengine mbali sana, ambako anayeagiza haoni kisiki.

Zaidi ya mti kuna fundi. Mtu aliyeranda, akapiga msasa, akapaka vanishi tabaka baada ya tabaka akisubiri kila moja ikauke, ameacha siku za maisha yake kwenye kitu kile, na siku hizo hazirudi kwake hata akilipwa. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alieleza kwamba vitu vinavyodumu ndivyo vinavyotupa ulimwengu wa kuishi pamoja, na alitoa mfano wa meza, inayowakutanisha wanaoizunguka na papo hapo kuwaachia nafasi kati yao. Wasukuma walikuwa na njia yao ya kulisema jambo linalokaribiana na hilo. Katika imani ya jadi, wahenga waliokufa, masamva, wanaendelea kuwa wa familia, na vitu walivyovitumia hutunzwa na kuheshimiwa kwa sababu mtu hatengani kabisa na alichokishika. Mkristo na Mwislamu wana sababu zao za kutoifuata imani hiyo kama ibada. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo dini zote mbili hulikubali kwa lugha ya amana: tulicho nacho kimetoka mikononi mwa wengine na kitakwenda mikononi mwa wengine, nasi tumekishika katikati. Tukianzia hapo, anayeweka kikalio haheshimu ubao. Anamheshimu fundi asiyekuwepo na mtoto atakayerithi.

Je, hoja hii inatosha? Bado. Amana ina mtego wake, nao ni uchoyo unaovaa nguo za utunzaji. Kila mtaa una nyumba ambayo makochi hayajawahi kuvuliwa plastiki ya dukani na kabati la vyombo halifunguliwi. Hapo naona Kurani inatoa kipimo kikali kuliko tulivyozoea kudhani. Sura ya 107, Al-Maun, ni fupi mno, na inawatahadharisha watu wanaosali lakini husali kwa kujionyesha, kisha wanazuia vitu vidogo vya msaada. Imepokewa kutoka kwa Ibn Masud, sahaba wa Mtume, kwamba vitu hivyo ni kama shoka, chungu na ndoo, vile ambavyo majirani huazimana. Kwa hiyo vyombo vya nyumbani vinaingia katika hesabu ya imani, na dhambi inayotajwa hapo si kuviharibu bali ni kuvinyima. Mtu wa Bariadi analielewa hili bila mwalimu, kwa sababu kwenye msiba viti, sufuria na stuli hutoka nyumba kwa nyumba hadi vinatosha. Stuli iliyotunzwa ndiyo inayoweza kuazimwa bila aibu. Iliyooza haina msaada kwa jirani. Lakini stuli iliyotunzwa kiasi kwamba mwenyewe hataki itoke nje imepoteza haki ya kutunzwa. Basi naweka kanuni hivi: kulinda kitu ni halali kwa kadiri ambavyo ulinzi huo unakifanya kiwe tayari kutumika kwa ajili ya watu. Kanuni hii inakirudisha kikalio karibu na ngata, maana sasa mtu yumo tena ndani ya picha, ingawa hayuko chini ya mzigo moja kwa moja.

Pingamizi la pili ni la umaskini. Katika mkoa ambao kaya nyingi hutegemea jembe na mvua, pamba ikianguka bei nyumba nzima huyumba, na ndoo ya maji ina thamani kuliko urembo wowote, kuzungumzia kikalio kunaweza kuonekana ni kuzungumzia anasa. Kurani inakataza israfu katika kula na kunywa. Manabii wa Israeli waliwakemea waliojilaza juu ya vitanda vya pembe za ndovu. Nakubali kwamba kikalio cha kununuliwa kwa bei kubwa, kilicholetwa kutoka ng'ambo ili kionwe, hakina utetezi wangu. Ila kile cha kawaida hakiko hivyo. Kinatoka kwenye mabaki: kona ya kitenge iliyobaki kwa fundi cherehani, taulo lililochakaa, uzi uliosalia baada ya kufuma kitambaa cha kochi, mkonge uliokuwa umeota mpakani mwa shamba. Israfu ni kuvipoteza vitu, na kikalio cha mabaki kinavirudisha kazini. Tena ni makosa kudhani kwamba maskini hana haki ya kutunza vizuri. Mwenye stuli moja ana sababu kubwa ya kuilinda kuliko mwenye kumi, kwa kuwa ikiharibika hana nyingine. Wanaosema uzuri usubiri hadi njaa iishe wanasahau kwamba Waisraeli jangwani, watu wasio na shamba wala nyumba, waliagizwa kutengeneza hema la ibada kwa ufundi wa hali ya juu. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba Bezaleli alijazwa roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, na kwamba wanawake walisokota nyuzi kwa mikono yao. Hema lile lilikuwa na mapazia ya kitani, juu yake mapazia ya singa za mbuzi, juu yake ngozi. Kifuniko cha kulinda kifuniko, kwa amri.

Hao wanawake waliosokota ndio wanaonipeleka kwenye pingamizi ninaloliona zito kuliko yote. Nani anafuma? Karibu kila mara ni mwanamke au binti, na mara nyingi ni jioni baada ya shamba, maji, kuni na jiko. Ikiwa kikalio ni kazi nyingine iliyobandikwa juu ya siku iliyokwisha jaa, na sifa ya sebule safi inakwenda kwa baba mwenye nyumba, basi hoja zote kuhusu amana zinageuka kuwa dhuluma iliyopambwa kwa maneno ya dini. Sina njia ya kuliondoa pingamizi hili kwa mawazo peke yake. Linaondolewa kwa mgawanyo wa kazi. Mkono wa mwanamume unaosuka kamba ya kufungia ndama unaweza kuzungusha mkonge ukawa kikalio, na hakuna mila inayovunjika. Na pale ambapo mwanamke anafuma kwa kupenda kwake, kwa kuwa saa hiyo ndiyo pekee ambayo akili yake ni yake, asiambiwe kwamba anapoteza muda. Anayefuma kwa ajili ya kuuza naye alipwe kwa saa alizotumia. Mnunuzi anayepunguza bei ya seti ya vikalio sita hadi inakaribia bei ya uzi amechukua siku za mtu bure.

Suala la uzi nalo linadai neno, kwa kuwa lina uchungu wake. Simiyu ni mkoa unaoongoza nchini kwa pamba. Pamba hupandwa kwa mvua, huchumwa kwa mkono, hupelekwa kwenye viwanda vya kuchambulia. Mbegu hukamuliwa mafuta, na nyuzi hufungwa marobota ambayo kwa sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi yakiwa ghafi. Kisha dukani, kilomita chache kutoka shambani, mfumaji ananunua kitita cha uzi wa sintetiki kutoka nje, usiokunywa maji. Mkoa umejaribu kuongeza thamani ya mazao yake, chaki za Maswa na maziwa ya Meatu ni ushahidi, lakini uzi wa kufumia bado haujawa sehemu ya hadithi hiyo kwa namna inayomfikia mfumaji wa kawaida. Sisemi kikalio kitaokoa zao la pamba. Nasema mkulima ambaye hawezi kufunika stuli yake kwa pamba yake ametenganishwa na kazi ya mikono yake kwa namna ambayo mtu mwenye kujali haki anapaswa kuihisi.

Imebaki hukumu ya mwisho, nayo iko kwa mgeni. Mwanafalsafa Kant aliandika mwaka 1785 kwamba vitu vina bei na watu wana hadhi, na hadhi haina cha kubadilishana nayo. Kikalio kinaweza kuvunja mpaka huo kwa sentensi moja tu ya mwenyeji: "Samahani mjomba, usiweke hapo." Hapo mjomba amejua kwamba kabla ya kumwona yeye, jicho la mwenye nyumba lilikuwa limeiona stuli. Ndiyo maana utaratibu wa zamani wa kuandaa meza una hekima kuliko unavyoonekana. Mwenyeji huleta kikalio mwenyewe, hukitanguliza, kisha huweka kikombe juu yake kwa mkono wake, akisema "Karibu mjomba," na mgeni hana amri ya kutii. Wajibu wote wa kulinda umebaki kwa mwenye kitu. Altareni ni vilevile: anayetandaza koporale ni yule anayehudumu, na waumini hawaagizwi chochote kuihusu.

Na kama mgeni, katikati ya mazungumzo, akainua kikombe na kukirudisha pembeni, juu ya mbao tupu? Wapo wanaosema mwenyeji akisogeze kikalio polepole bila neno. Mimi naona hata hilo limezidi, kwa maana mgeni analiona. Kikombe kiachwe kilipo mpaka mazungumzo yaishe. Duara jeupe likitokea, fundi wa mtaani ana msasa na vanishi, na kazi hiyo si kubwa.